Mandazi Yenye Mkia

Ijumaa moja hapa Doha nilikula mandazi ya baba yangu.

Baba yangu yuko kaburini zaidi ya miaka ishirini.

Tulieni. Si majini, na sijaanza kuvuta kitu. Kama wewe ni wale wa kukimbilia kwenye maoni kabla ya kumaliza kusoma, leo nakuomba univumilie. Haya nimeanza kuyaandika nikiwa nimejifungia kwenye choo cha kazini, macho yamevimba mpaka bosi ameuliza kama nina mzio.

Naitwa Carolyne. Karo, kwa wanaonijua.

Kazi yangu ni kutoa watu damu. Niko kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, wanakopimwa wageni wanaotafuta kibali cha kuishi nchi hii. Mtu anaketi, mkono huu, kunja ngumi, fungua, haya, mwingine. Wapo wanaotetemeka kabla hata sijashika sindano. Wanajua damu ikipatikana na virusi vya Ukimwi hakuna kibali. Ni ndege ya kurudi kwenu.

Hiyo iweke mahali, tutairudia.

Ijumaa hiyo, baada ya ibada, tulikusanyika kwa rafiki yangu Charity, Al Mansoura. Charity ni nesi, ana mdomo, lakini roho yake ni safi. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye lifti. Tulikuwa tunamuaga mzee mmoja wa Industrial Area, mpishi wa kambi ya wafanyakazi, kampuni yake imemaliza naye na anarudi Kenya moja kwa moja.

Mimi sikumjua. Wanaume wa Industrial wakija huketi karibu na mlango na kuondoka mapema basi lisiwaache.

Sinia ya mandazi ikapita. Nikachukua moja bila kuangalia, macho kwenye simu.

Vidole vyangu vikashika mkia.

Nikaweka simu chini.

Ngoja niwaeleze. Mandazi ya baba yalikuwa ya pembe tatu kama ya kila mtu, ila pembe moja ilivutwa na kusokotwa ikawa kamkia. Unashika hapo, unachovya kwenye chai, vidole haviungui. Ndani kuna iliki, halafu kuna ganda la chungwa lililokwaruzwa, ile rangi ya juu tu. Sijawahi kuyaona kwingine. Si Nairobi, si Mombasa, si kwa mama yeyote wa kibanda.

Nikauma. Chungwa likanipanda puani.

Nilikuwa na miaka tisa tena.

Baba yangu aliitwa Laban. Alikuwa fundi wa redio Kitale mjini, na mimi na yeye tuliishi chumba kimoja nyuma ya duka. Mama yangu, Emily, alifariki kabla sijaishika sura yake. Nimonia, ndivyo tulivyoambiwa. Kila mtu alimwambia baba anipeleke kwa bibi au aoe. Hakunipeleka na hakuoa.

Alinilea peke yake. Alinisuka nywele kwa mikono inayonuka waya na moshi, na mistari ilikuwa inapinda vibaya sana. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kichwa changu kimelimwa na nani. Nilimjibu kwa maringo, "Na baba yangu."

Kila Jumamosi nikiamka, nilikuta mandazi ya moto mezani yamefunikwa kitambaa, na baba ameketi kando anatabasamu.

"Nani amepika?" nauliza.

"Nani mwingine?" anajibu.

Kisha akaanza kukonda.

Mkanda wake ulimkaa kiunoni kwa kuongezewa matundu. Alikuwa anapasha moto kile chuma chake cha kuunganishia nyaya, anatoboa tundu jipya, ngozi inatoa moshi, tunacheka. Mimi nilidhani ni mchezo. Mwisho mkanda ulimzunguka karibu mara mbili na yeye hakuwa anacheka tena.

"Ni nimonia tu," aliniambia.

Wakubwa walikuwa wanasema amekanyaga waya. Mimi nikadhani ni waya wa redio, kwa sababu dukani nyaya zilikuwa zimejaa sakafuni. Nilizifagia zote nikazificha chini ya kitanda ili baba apone.

Hapo ndipo huwa nashindwa kuendelea. Ngoja nipanguse macho.

Tulimzika Kiminini, kwenye boma la babu, ambako anaishi dada yake mkubwa, shangazi Virginia. Kwetu kabla kaburi halijafunikwa, watu huitwa kutupa udongo. Wa nyumbani kwanza, kisha marafiki. Nilitupa wangu. Walipoitwa marafiki, mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama nje ya ua akaingia.

Nilimjua. Alikuwa Anko Wesi, mpishi wa hoteli moja karibu na stendi. Wesley. Mara mojamoja alipita dukani akaniletea soda.

Hakufika kaburini. Anko zangu walimgeuza, wakamsukuma mpaka getini, mtu mmoja akamwita neno ambalo sikulijua. Kiatu chake kimoja kikabaki kwenye matope. Shangazi Virginia alinikamata kichwa akanikandamiza kwenye sketi yake nisione.

Lakini kiatu nilikiona.

Nilipokuwa msichana mkubwa, binamu mmoja tuliyegombana akanitolea yote. Baba yako alikuwa wa wanaume. Na yule Wesi wake ndiye alimpa ugonjwa akamuua.

Basi naandika bila kuzunguka. Baba yangu alipenda wanaume. Alikufa kwa Ukimwi; huo ndio waya waliosema amekanyaga. Alikuwa baba mzuri kuliko wote ninaowajua, na wengine wenu mnawajua baba zenu, msinianze.

Sikuweza kumchukia yeye. Nikamchukia Wesi kwa niaba ya wote.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya hapo. Na Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, niliamka nikakuta mandazi mezani. Yenye mkia. Ya moto.

"Nani amepika?" nikauliza.

"Kula, mama," shangazi akasema, akanipa mgongo.

Nikajua amefunzwa kuyapika na ndugu yake. Kila Jumamosi yalikuwepo, mpaka nikaenda shule ya bweni.

Sasa turudi Al Mansoura, na mimi nimeshika andazi mkononi.

"Charity, nani amepika hizi mandazi?"

"Si ni mzee mwenyewe! Aki hii aibu, tunamuaga na bado tumemtuma jikoni."

Watu wakacheka. Nikageuka kuangalia mlangoni.

Nywele zimekuwa nyeupe. Shati limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama, nusu ndani nusu nje, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Karo," akasema. "Karo wa Laban."

Nilitoka. Nikashuka ngazi zote kwa sababu lifti ilikuwa inachelewa na sikutaka mtu aone uso wangu. Nilipofika chini, kwenye kibanda cha chai ya karak pale kona, nikasikia nyayo nyuma. Magari makubwa yalikuwa yamepanga mstari yanapiga honi yaletewe chai. Afadhali, kelele ilitufunika.

"Umekua," akaniambia.

"Na wewe umeishi," nikamjibu.

Akainamisha kichwa. Akaagiza chai mbili.

"Hizo mandazi ulijifunza wapi?"

Akaangalia magari.

"Kwa baba yako."

"Kwa hivyo mpaka mandazi ulimchukulia. Haikutosha?"

"Sema pole pole, mwanangu. Hapa si kwetu."

"Sasa unaogopa?"

"Mimi nimeogopa maisha yangu yote," akasema. "Hata kwetu hapakuwa kwetu."

Nilikuwa nimeyabeba maneno tangu nina miaka kumi na tano. Nikayatoa kwa sauti ya chini, lakini niliyatoa.

"Wewe ndiye ulimpa baba yangu ugonjwa. Ukamuua, ukala kona."

Hakukasirika. Ndiyo iliyoniudhi zaidi, angekasirika tupigane.

"Charity anasema unatoa watu damu," akasema. "Wale wa vibali."

"Ndiyo. Sasa?"

"Nilipoingia nchi hii nilitolewa damu. Kampuni ikavunjika, nikarudi nyumbani, nikaja tena na kampuni ingine. Wakanitoa tena. Karo, niko hapa nakunywa chai na wewe. Wewe ndiye wa hospitali. Hebu niambie hiyo maana yake ni nini."

Wasomaji wangu, nimekaa kwenye kile kiti miaka. Nimeona nani anapita na nani hapiti. Hesabu ile ningeweza kuifanya usingizini, na sikuwahi kuifanya.

Anko Wesi hana virusi. Hajawahi kuwa navyo.

Kisha likaja jingine, na hilo lilinikalisha chini kwenye ukingo wa barabara na gauni langu la kanisani. Mama. Nimonia. Baba, nimonia. Mimi ninayejua jinsi virusi vinavyodhoofisha mwili mpaka nimonia iue, nilikuwa na nimonia mbili nyumbani kwetu na sikuziweka pamoja hata siku moja.

"Ni mama?" nikamuuliza. "Au yeye ndiye alimpa mama? Ni nani alianza?"

Anko Wesi akaketi kando yangu, mbali kidogo, kwa heshima.

"Laban hakulitaka hilo swali. Alisema ugonjwa si zawadi, useme umetoka kwa fulani. Alimpenda Emily kwa njia yake. Na mimi kwa njia yake. Siku aliyopata majibu alinifukuza. Akaniambia, Wesi, enda upimwe, na usirudi hapa. Nikapimwa. Nikamletea majibu, niko sawa, na nilikuwa nalia kama mtu aliyepewa mabaya."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema, vizuri, angalau mmoja wetu atamuona Karo akimaliza shule."

Chai yangu ilipoa. Sikuigusa.

"Sijawahi kuomba mtu wa familia yenu kitu," akaendelea. "Leo naomba. Nafika nyumbani Alhamisi. Kila mtu aliyempenda Laban alimtupia udongo, isipokuwa mimi. Nataka kiganja kimoja tu, kisha niondoke. Lakini kaburi liko ndani ya boma, na geti ni la shangazi yako. Mimi hawezi kunisikiza. Wewe atakusikiza."

Ningependa kuwaambia nilimkumbatia hapo hapo. Sikumkumbatia. Chuki ya miaka mingi haishuki kama lifti. Nilimwambia boma si langu, nikasimamisha teksi, nikaenda kwangu Al Thumama.

"Asante kwa kunisikiza," akasema nikiingia kwenye teksi. Alibaki amesimama na vikombe viwili.

Kesho yake nikampigia shangazi Virginia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Shangazi akiamua kumtukana mtu, majirani hufunga redio wasikilize.

"Shangazi, nimekutana na Wesi huku."

Nikasikia kuku wake.

"Yule wa hoteli," nikaongeza.

"Namjua ni yupi." Kisha, kwa sauti ndogo, "Ako sawa? Anakula?"

Nilishangaa mpaka nikaangalia simu kama nimepiga nambari sawa.

"Anarudi Kenya. Anaomba kuja kaburini kutupa udongo."

Nikajaza kimya kwa maneno, ndiyo tabia yangu.

"Hata bado anapika zile mandazi za baba. Anasema baba ndiye alimfunza."

Shangazi akacheka. Kicheko kikakatika katikati kikawa kitu kingine.

"Laban? Laban huyu ndugu yangu? Karo, Laban akichemsha maziwa, sufuria ilikuwa ya kutupa. Hata chai alikuwa anapikiwa."

"Lakini za Jumamosi alipika nani?"

"Nani unadhani? Alizileta alfajiri kabla uamke, akaenda zake kazini. Laban aliketi kando akachukua sifa."

Nikaketi kitandani.

"Sawa. Lakini baada ya mazishi ulipika wewe. Uliniambia kula, mama. Nakumbuka."

"Nilikuambia ule. Sikukuambia nimepika." Akashusha pumzi. "Mimi sijawahi kupika mandazi yenye mkia hata siku moja."

Sikilizeni hii.

Kila Jumamosi alfajiri, shangazi alikuta mfuko umefungwa kwenye geti. Mandazi yamezungushiwa gazeti, bado yana moto. Kitale mjini mpaka Kiminini, kwa baiskeli, mvua ikinyesha, kwa mtoto ambaye si wake, kwenye geti walilomtupia matusi. Hakubisha hodi. Shangazi aliona mgongo wake mara moja tu, anaondoka.

"Ya kwanza nilitaka kuyapa kuku," akaniambia. "Kisha nikakumbuka ulivyoniuliza usiku wake, kesho si Jumamosi? Nikashindwa."

"Mbona hukuniambia, shangazi? Nimemchukia yule mtu nusu ya maisha yangu!"

"Ningekuambia nini? Siku ile nilikushika kichwa usione. Mimi mwenyewe niliangalia. Niliangalia nikanyamaza, na Laban alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja." Alikuwa analia sasa bila kujificha. "Kiatu chake kiko kwa stoo. Nilikitoa kwa matope siku hiyo jioni. Sijui kwa nini sijawahi kukitupa."

Tukalia pamoja, simu inakula chaji.

"Mwambie aje," akasema mwishoni. "Geti sitafunga."

Nilimpigia Anko Wesi. Nyuma yake sufuria za kambi zilikuwa zinagongana. Nilipomwambia kuhusu geti, zikaendelea kugongana muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata shangazi akanipigia kwa video. Hajui kushika simu, nusu ya mazishi haya ya pili niliona kidole chake. Lakini niliona geti likiwa wazi. Nikamwona Anko Wesi anaingia polepole na mfuko mkononi, na lile shati lake la pasi.

Shangazi alikuwa ameamka mapema akalima juu ya kaburi kwa jembe. Miaka yote hiyo udongo ulikuwa umeshikana, nyasi zimeota. Aliulainisha ili Anko Wesi awe na cha kutupa. Na kwenye kiti kando ya kaburi aliweka kiatu. Kimoja, cha zamani, kimepakwa rangi kikang'aa.

Anko Wesi alipokiona akashika mdomo.

Hakukuwa na mchungaji wala kipaza sauti. Shangazi akajikaza akaita mwenyewe, kama wanavyoita siku ya mazishi.

"Tunaita wa nyumbani kwanza."

Akamtazama Anko Wesi.

Anko Wesi akapiga goti. Akachota udongo, akaufunga kwenye ngumi muda mrefu, hata nikadhani video imekwama.

"Laban," akasema, "nimechelewa."

Akaufungua mkono.

Mimi nilikuwa sakafuni Al Thumama, ndege zinapita juu ya paa, nalia kilio ambacho sikukilia nikiwa na miaka tisa. Wakati ule nilimlilia baba peke yake. Sasa nililia kwa sababu alikuwa na mtu wa kumpenda, na hawakuweza kuketi meza moja na mtoto wao wakila mandazi Jumamosi mchana kweupe.

Baadaye, shangazi alipoenda kupika chai, nikabaki na Anko Wesi kwenye simu.

"Anko, mbona ulinidanganya? Ulisema baba ndiye alikufunza mandazi."

"Una vitu vichache vya baba yako," akasema. "Sikutaka kukupunguzia."

Nikaisogeza simu karibu.

"Na si uongo wote," akaendelea. "Zangu zilikuwa pembe tatu tu, za kawaida. Jumamosi ya kwanza ulichovya kwa chai, ukaungua vidole, ukalia. Siku hiyo hiyo Laban alinifuata hotelini. Amefunga duka, anahema. Nikadhani kuna maneno makubwa. Akaniambia, Wesi, weka mahali pa kushika. Mtoto wangu asiungue."

Hiyo ndiyo simulizi yangu.

Mnataka funzo, najua, na wengine mshaanza kuandika maoni ya mahubiri. Langu ni hili. Kabla hujamtoa mtu mazishini, uliza kwanza nani alikuwa anamlisha marehemu na mtoto wake.

Leo ni Jumamosi. Nimepika mwenyewe kwa mara ya kwanza, na mikia yote imepinda kama mistari aliyonisuka baba.

Nimeshika moja, nimechovya kwenye chai ya moto. Sijaungua, baba.